HALI KWA MDOMO, LAKINI MDOMO ANAO: Meno ya watoto wanaolishwa kwa mrija



Leo naomba tuongee jambo ambalo huwa hatuligusi tukikutana kwenye sherehe na misiba yetu. Kuna wazazi miongoni mwetu wenye watoto wasioweza kula kwa mdomo. Watoto hawa wanalishwa kwa mrija unaopita puani, au kwa tundu lililowekwa tumboni. Wengi wetu hatuwaoni kwa sababu wazazi wao huwaacha nyumbani. Wanaona taabu kujibu maswali ya watu. Mimi ni mmoja wa wazazi hao, na nimeamua kuandika.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari wala nesi. Ni mama tu. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, na sasa ana miaka 7. Alianza kulishwa kwa mrija wa puani kabla hajatimiza mwaka, na baadaye akawekewa tundu tumboni na kile kitufe ambacho hapa Sweden wanakiita "knapp". Nilijifunza kila kitu kuhusu mrija ule. Nilijua kuusafisha, kupima maji ya kusukumia dawa, kutazama kama ngozi imekuwa nyekundu, na nini cha kufanya kitufe kikichomoka saa nane usiku. Niliandika yote kwenye daftari.

Kitu kimoja hakikuwemo kwenye daftari lile: mswaki.

Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu tulikwenda kwa mambo ya meno kwa mara ya kwanza. Mhudumu aliinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Nani anampiga mswaki?" Nikamjibu kwamba mtoto hali kwa mdomo. Akaniangalia, akasema, "Lakini anameza mate."

Maneno hayo sijayasahau. Meno ya mwanangu yalikuwa na gamba la rangi ya kahawia, gumu kama saruji, hadi juu ya magego pale ambapo wewe na mimi tunatafunia. Fizi zilivuja damu zilipoguswa tu. Mwaka ule alikuwa ameshalazwa mara mbili kwa homa ya mapafu, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mdomo wake. Nami sikuwahi kuuliza.

KWA NINI MDOMO USIOKULA UNACHAFUKA?

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba meno huchafuliwa na chakula, basi asiyekula hachafui. Kuna ukweli kidogo hapo. Mtoto ambaye hapitishi sukari mdomoni mara nyingi huwa na meno machache yaliyotoboka kuliko mtoto anayekula peremende kutwa. Lakini kutoboka si ugonjwa pekee wa kinywa.

Mtu anayekula hujisafisha bila kujua. Anapotafuna, ulimi na mashavu vinasugua meno, mate yanatoka kwa wingi, kisha anameza. Mtoto wa mrija hana kazi hiyo. Mate yake yanatuama. Ule utando laini tunaouita ukoga unakaa juu ya meno, unanyonya madini yaliyomo kwenye mate, unakuwa mgumu. Waswidi wanauita "tandsten", yaani jiwe la meno. Kwa watoto wa mrija jiwe hili linajengeka haraka na kwa wingi, na likishakuwa gumu mswaki hauliondoi tena. Ni lazima likwanguliwe na mtaalamu.

Ongeza na haya. Wengi wa watoto hawa hupumua kwa mdomo, hivyo kinywa kinakauka. Baadhi ya dawa za kifafa na dawa za kupunguza udenda huathiri fizi au kukausha mate. Wengi hucheua, na tindikali ya tumbo inapanda na kulainisha ngozi ngumu ya jino, hata kama chakula chenyewe hakikupita mdomoni.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa, lililonifanya nichukue kalamu. Mtoto asiyemeza vizuri hupaliwa na mate yake mwenyewe, hasa akiwa amelala. Mate hayo yanashuka mapafuni. Kama kinywa ni kichafu, yanashuka na bakteria wengi. Hapo ndipo homa ya mapafu inapopata mlango.

Utafiti mmoja wa Japani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia wazee kwenye nyumba 11 za kulea wazee kwa miaka 2. Kundi moja lilisafishwa kinywa kila baada ya mlo, jingine liliendelea kama kawaida. Katika kundi lisilosafishwa, kama watu 19 kati ya 100 walipata homa ya mapafu. Katika kundi lililosafishwa walikuwa 11. Wale walikuwa wazee na wetu ni watoto, kwa hiyo sitakudanganya kwamba mswaki ni chanjo. Mwanangu ameugua tena kifua tangu nianze kumpiga mswaki. Lakini kama kuna kitu cha dakika mbili ninachoweza kufanya kupunguza bakteria wanaoshuka mapafuni mwake, nikiache kwa sababu gani?

SABABU TUNAZOJIPA

Nimezungumza na wazazi wenzangu, wa kwetu na wa mataifa mengine, na nimesikia sababu zilezile ambazo hata mimi nilijipa.

"Ni meno ya utoto, yatang'oka." Yatang'oka, ndiyo, lakini magego mengine ya utoto hukaa hadi mtoto ana miaka 11 au 12. Ni miaka mingi ya fizi kuvuja damu. Tena mtoto asiyeweza kusema "jino linaniuma" hulia tu, au huacha kulala, nasi tunahangaika na tumbo na masikio.

"Analia, namtesa." Hili ndilo linalouma zaidi. Watoto hawa wameingiziwa mirija puani, wamenyonywa makohozi, wamechomwa sindano. Kila kitu kinachokaribia uso wao kimewahi kuwa na maumivu, na mdomo usiozoea chakula unakuwa mwepesi kushtuka. Mtoto hakuchukii wewe, anaogopa. Dawa ya woga huo ni kumzoesha kidogo kidogo. Ukimwacha kabisa, mdomo unazidi kuwa mgeni kwa kila kitu, na siku ya kukwangua jiwe huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa dawa.

"Dawa ya meno ya floraidi inaharibu meno." Hii naisikia sana kwa ndugu zetu wa Arusha, Meru na Kilimanjaro, na ninawaelewa. Wamekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi na wameona meno ya kahawia tangu utotoni. Lakini madhara yale hutokana na kunywa floraidi nyingi miaka mingi wakati meno yanaumbika. Maji ya bomba ya hapa yanatoka ziwa Mälaren na floraidi yake ni kidogo. Dawa ya meno ya kupaka tu kwenye mswaki, mara mbili kwa siku, ni kinga.

Kuna na lile la meno ya "plastiki" au "nailoni". Mtoto akiharisha au akipandisha homa, simu inapigwa nyumbani, na bibi mmoja anasema afunguliwe fizi watolewe hayo meno. Ndugu zangu, hakuna meno ya nailoni. Yale ni machipukizi ya meno ya kawaida ya mtoto, na kuyachokoa kumeua watoto Tanzania, Uganda na kwingineko kwa kuvuja damu na maambukizi. Ajabu ni kwamba tumekuwa tukiushuku mdomo mahali pasipo na kosa, na mahali penye kosa, yaani kwenye uchafu wa kila siku, hatutazami.

NAMNA YA KUFANYA NYUMBANI

Haya ni mambo niliyofundishwa na ninayofanya. Kila mtoto ana hali yake, kwa hiyo kabla ya kuanza yapitie na nesi, daktari wa meno au mtaalamu wa kumeza anayemjua mwanao.

1. Chagua wakati. Usimsugue meno mlo ukiwa unaingia kwenye mrija, wala mara tu baada ya mlo, maana anaweza kutapika. Mimi namsugua asubuhi kabla ya mlo wa kwanza, na usiku kabla sijafunga mashine ya chakula. Akitapika, mfute kinywa kwa maji na usubiri kama nusu saa hadi saa moja kabla ya mswaki, kwa sababu tindikali imelainisha jino.

2. Mkalishe vizuri. Awe ameketi au ameinuliwa mgongo, kichwa kikiinamia mbele kidogo au kimegeuzwa upande, kamwe kisiangalie juu. Anayelala tu alale kwa ubavu ili mate yatoke nje kwa shavu la chini. Weka taulo.

3. Anza mbali na mdomo. Shika mkono wake, bega, shavu, kisha midomo, kisha fizi kwa kidole. Siku za mwanzo ishia pale anapovumilia. Mwambie unachofanya hata kama unadhani haelewi. Mimi namhesabia hadi kumi kwa Kiswahili, na kwenye kumi natoa mswaki. Alipojua kwamba kumi itafika, alianza kuvumilia.

4. Mswaki mdogo na laini. Dawa ya meno yenye floraidi, iwe ile isiyotoa povu jingi. Paka utando mwembamba tu. Kwa mtoto mdogo unatosha kama punje ya mchele. Hana haja ya kusukutua. Futa povu kwa shashi yenye unyevu. Kama nyumbani mna mashine ya kunyonya mate, iwe imewashwa karibu nawe. Ipo pia miswaki inayounganishwa na mashine hiyo, na ile yenye vichwa vitatu inayosugua pande zote kwa pamoja. Uliza.

5. Anzia kwenye ufizi. Elekeza nywele za mswaki pale jino linapokutana na fizi, nje na ndani, kisha juu ya magego. Fizi ikivuja damu usiache. Mara nyingi inavuja kwa sababu haikusafishwa, na baada ya wiki moja au mbili za kusafisha kwa upole huanza kupona. Isipopona, mwone daktari wa meno.

6. Usitie kidole katikati ya meno. Mtoto mwenye misuli inayokaza anaweza kung'ata bila kukusudia. Na usitegemee vile vijiti vya sifongo peke yake. Vinalowesha kinywa, havisugui ukoga, na mtoto anayeng'ata anaweza kukata sifongo na kupaliwa nayo.

7. Midomo isikauke. Paka mafuta ya midomo. Lakini kama mtoto anatumia oksijeni, muulize nesi upake aina gani, kwa sababu mafuta ya mgando hayafai karibu na oksijeni.

8. Jino likianza kulegea, mwambie daktari wa meno mapema. Kwa watoto wengine jino la utoto kutoka ni furaha. Kwa mtoto anayepaliwa, jino hilo linaweza kuingia njia ya hewa.

Mama mkwe au shangazi akija kukutembelea, mwonyeshe kazi hii. Nasema hivyo kwa sababu ninajua nini hutokea. Wazee wetu wanamhurumia mtoto "asiyeonja hata uji", na ukitoka tu kwenda dukani anapewa kijiko kimoja cha siri. Kijiko hicho kinaweza kwenda mapafuni. Mpe bibi kazi ya upendo isiyo na hatari, amsafishe mjukuu kinywa na kumpaka mafuta midomoni. Kama wataalamu wameruhusu mtoto aonje kitu, mweleze bibi ni kitu gani na kiasi gani, na baada ya kuonja kinywa kisafishwe.

HAKI YAKO HAPA SWEDEN

Matibabu ya meno kwa watoto na vijana hapa ni bure. Tangu tarehe 1 Januari 2025 yanakuwa bure hadi mwaka ambao kijana anatimiza miaka 19. Kabla ya hapo ilikuwa hadi 23. Wazazi wa vijana, lijueni hilo.

Mtoto wa mrija hapaswi kusubiri barua ya kuitwa kama watoto wengine. Omba mapema, jino la kwanza linapotoka. Mwambie nesi wa BVC, au daktari wa mtoto, au watu wa habilitering, kwamba unataka mtoto aonwe na Folktandvården, na kama hali yake ni ngumu, unataka "remiss", yaani rufaa, kwenda kwa mtaalamu wa meno ya watoto. Mtaalamu huyo anaitwa "pedodontist". Hapa Stockholm wapo Eastmaninstitutet, pale Vasastan, jengo lililofunguliwa mwaka 1936 kwa fedha alizotoa George Eastman, yule wa kamera za Kodak, kwa ajili ya meno ya watoto. Kutoka Tumba unapanda treni ya pendeltåg na kushuka Odenplan.

Ukifika, taja mambo haya: anatumia dawa gani, anapaliwa mara ngapi, ana kifafa au la, na kama ana tatizo la moyo, maana huenda kukahitaji tahadhari kabla ya kukwangua. Kama Kiswidi chako hakitoshi, omba mkalimani wa Kiswahili wakati unapanga miadi. Usimtumie mtoto wako mkubwa kutafsiri mambo ya mdogo wake. Na uliza arudi baada ya muda gani. Mtoto anayejenga jiwe haraka anaweza kuhitaji kukwanguliwa kila baada ya miezi michache. Kwa ushauri wowote mwingine piga 1177. Akishindwa kupumua piga 112.

MAONI YANGU

Njia ya kuweka tundu la kulishia tumboni bila upasuaji mkubwa ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, na madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky. Mtu wa kwanza kuwekewa alikuwa mtoto mchanga. Tangu hapo watoto wengi wamepona njaa kwa njia hii. Mimi naishukuru kila siku, kwa maana bila kitufe kile nisingekuwa na mtoto wa kumsimulia.

Lakini nadhani mrija umetufanya sote tuusahau mdomo. Daktari wa tumbo anatazama tundu. Mtaalamu wa lishe anatazama uzito. Daktari wa kifua anasikiliza mapafu. Kila mmoja ana kipande chake, na mdomo, uliopo katikati ya vyote hivyo, hauna mwenyewe. Mzazi naye anaona kwamba kama ungekuwa muhimu, mmoja wao angesema.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wanaotuhudumia, na najua baadhi yao ni ndugu zetu wanaofanya kazi mahospitalini na kwenye nyumba za kulea, na wanasoma ukurasa huu. Mtoto asitoke hospitali na mrija mpya bila mzazi kuonyeshwa kwa vitendo jinsi ya kumsafisha kinywa, na bila rufaa ya meno kuandikwa siku hiyohiyo. Kuonyesha huko ni kazi ya dakika kumi. Sweden imeufanya Mkataba wa Haki za Mtoto kuwa sheria ya nchi tangu tarehe 1 Januari 2020, na mtoto asiyeweza kusema anastahili kinywa kisichouma kama mtoto mwingine yeyote.

La pili ni kwetu wazazi. Tusingoje. Kama hakuna aliyekuambia, basi mimi nimekuambia leo. Nenda kamwinue mtoto wako mdomo wa juu kwa kidole utazame. Ukikuta gamba, usijilaumu kama nilivyojilaumu mimi, nililia kwenye treni kutoka kule hadi nyumbani. Piga simu kesho asubuhi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ninyi wengine mnaotuona dukani au kituoni tukisukuma viti vya magurudumu, msiulize "huyu anakula nini?" Msalimieni mtoto kwa jina lake. Siku hizi nikimhesabia mwanangu, nikifika tisa anatabasamu kwa sababu anajua kumi inakuja, na meno yake yanaonekana. Ni meupe.

Kwa leo niishie hapa. Mwenye uzoefu wake kuhusu jambo hili atuandikie, tujifunze pamoja. Nawatakieni nyote afya njema.

Mama wa Tumba